KUGEUZIWA KAZI: HAKI YA ALIYEAJIRIWA NA HAKI YA TAJIRI WAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewagawia waja wake riziki zao akawafanya wawe wenye kuhitajiana, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, ambaye kabla hajapewa Utume alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira, na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo yanayowasibu Waislamu wengi katika kutafuta maisha, na ambayo ni wachache waulizao hukumu yake, ni hili la mtu kuajiriwa kwa kazi ijulikanayo, akapatana na tajiri wake juu ya ujira na muda, kisha zisipite siku nyingi akajiona yumo katika kazi nyingine asiyopatana. Hakufukuzwa, wala mshahara wake haukupunguzwa, wala hapana siku moja ambayo aweza kuionesha kidole akasema: leo ndiyo nimegeuziwa kazi. Leo ametumwa barua ya posta kwa sababu mtumishi ni mgonjwa, kesho amewekwa kulinda mlango kwa sababu bawabu amesafiri, na mwezi wa tatu umeingia, bawabu amerudi na amepewa kazi nyingine, na yeye angali mlangoni. Mtu huyo huwa na huzuni asiyoijua jina lake. Akisema, huambiwa ana kiburi. Akinyamaza, moyo wake hufanya kutu, na mara nyingi kutu hiyo hutokea katika mikono yake, akawa afanya kazi nusu nusu na kujiambia kuwa hiyo ndiyo haki yake.

Na sharia haikuliacha jambo hili bila ya maelezo. Kuajiri katika Uislamu ni mapatano kama mapatano ya kuuza na kununua, ila kinachouzwa hapa si kitu bali ni manufaa ya mtu au ya nyumba au ya mnyama. Na kama vile isivyofaa kuuza kitu kisichojulikana, ndivyo isivyofaa kuajiri kwa kazi isiyojulikana. Mwenyezi Mungu ameamrisha mwanzo wa Sura ya al-Maida kutimizwa kwa ahadi na mapatano, na amri hiyo imewaelekea wote wawili, mwenye kutoa fedha na mwenye kutoa jasho. Wenye kuisoma aya hiyo kwa kumkumbusha mtumishi peke yake wameisoma nusu.

Na mfano ulio bora katika mlango huu ni ule uliotajwa katika Sura ya al-Qasas, aya ya 26 na 27. Nabii Musa alipokimbia Misri akafika Madyana hali ya njaa, hana mtu wala mali, yule mzee mwenye mabinti wawili alimwajiri kwa miaka minane, akamwambia kuwa akitimiza kumi basi hiyo miwili ni hisani itokayo kwake Musa mwenyewe, na kwamba yeye hataki kumtia katika mashaka. Na atazamwe mtu yule jinsi alivyosema. Mgeni aliye mbele yake hakuwa na pa kwenda, na lau angalimwambia miaka kumi, au kumi na mitano, huenda angalikubali. Lakini mzee alitenga baina ya lililo wajibu na lililo hisani, akalitaja kila moja kwa jina lake, siku ile ile ya kwanza. Na Ibn Abbas alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alijibu kuwa alitimiza ulio mrefu zaidi. Hivyo hisani ilitoka kwa yule aliyeachiwa hiari yake. Na hisani ya kulazimishwa haiitwi hisani, bali ni jina zuri lililovishwa dhuluma.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani hii, wameyafafanua mambo haya kwa mifano ya siku zao. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277, kumetajwa habari za mtu aliyekodi mnyama amchukulie ratli mia za ngano. Ikiwa atamtwika ratli mia za shayiri badala ya ngano, basi huwa amepita mpaka, na mnyama akipatwa na dhara dhamana ni juu yake, ingawa uzito ni ule ule mmoja. Mtu asiyefikiri atasema: mia ni mia, pana kosa gani? Lakini shayiri ni nyepesi, na mia yake hujaza mahali pakubwa zaidi juu ya mgongo, na ngano ni nzito, hukaa mahali pamoja ikauelemea. Kila moja ina taabu yake, na mwenye mnyama aliridhia taabu moja hakuridhia ya pili. Na akimwongezea ratli kumi juu ya mia, humlazimu alipe ujira wa mfano kwa zile kumi, yaani ule ambao watu hulipana kwa mzigo kama huo. Lakini aliyekodi shamba apande ngano aweza kupanda kitu kingine ambacho madhara yake kwa ardhi ni sawasawa na ngano au ni kidogo kuliko hayo, madhali hakukatazwa.

Katika mifano hii mna kanuni iwatoshayo wenye akili. Si kila mabadiliko ya kazi ni dhuluma. Karani aliyeajiriwa kuandika daftari la bidhaa zinazoingia, akahamishiwa daftari la zinazotoka, hana la kulalamikia. Huyo ni kama ngano na mfano wa ngano. Wala mtumishi aliyeajiriwa kwa utumishi usioelezwa hawezi kusema: hili simo, na lile simo, kwani yasiyotajwa hurudishwa katika desturi ya watu wa mji ule na kazi ile. Ama aliyeajiriwa kuandika akawekwa kuchukua magunia, au aliyeajiriwa saa nane za mchana akawekwa kulinda usiku, huyo ametwikwa shayiri.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza, kisha hulia baadaye. Yule mwenye mnyama hulipwa zile ratli kumi kwa sababu zilipandishwa yeye hana habari, na mnyama hana ulimi wa kusema. Lakini mwanadamu anao ulimi. Na katika mlango ule ule wa Minhaj kumetajwa mtu aliyempa dobi nguo amfulie, wala hapana aliyetaja ujira, dobi akafua. Kauli iliyotangulizwa ni kwamba dobi hana kitu. Wako waliosema kuwa anao ujira wake, na wako waliosema kuwa akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kufua kwa malipo basi hulipwa, na kauli hii ya mwisho wako walioiona kuwa ni nzuri. Hata hivyo mwenye kutaka salama ya haki yake hatakaa akangoja wanazuoni wakhitilafiane juu ya kichwa chake. Atasema kabla hajatia nguo majini. Siku ile ya kwanza alipowekwa mlangoni, hapo ndipo mahali pa kuuliza kwa adabu: Je, kazi hii ni ya leo au ni ya siku zote? Na ile ya kwanza nani ataifanya? Na ikiwa ni zote mbili, mapatano yatakuwaje? Maneno haya hayana utovu wa adabu ndani yake. Utovu wa adabu ni kunyamaza miezi sita huku mtu akiyasema mambo hayo barazani, na nyumbani, na kwa kila apitaye, ila kwa yule mmoja awezaye kuyabadilisha.

Yafaa itajwe habari ya waalimu wa vyuo na madrasa, kwani hao ndio walio karibu na watu wa dini, na dhuluma wanayotendewa hutendwa na watu wenye tasbihi mikononi. Kamati humwita kijana aliyehifadhi Kur'ani, wakapatana naye asomeshe watoto asubuhi na alasiri kwa kiasi kadha wa kadha kila mwezi. Mwaka haujaisha huwa ndiye mwenye kuadhini, ndiye mwenye kufagia msikiti na kujaza birika, ndiye mwenye kuoshea maiti, na ndiye atumwaye madukani kukusanya sadaka za kuezeka paa. Na watoto hukaa wakirudia aya zile zile za jana kwa sababu mwalimu wao yuko makaburini. Akisema neno, hujibiwa kuwa hayo ni mambo ya kheri, na thawabu zake ziko kwa Mwenyezi Mungu. Ni kweli ziko kwake. Lakini wenye kujibu hivyo wangetazama kuwa Imam Nawawi amekutaja kumtengeneza maiti na kumzika, na kufundisha Kur'ani, akayahesabu kuwa ni mambo ambayo yafaa kuajiriwa mtu kwayo, kila moja kwa nafsi yake. Na Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, amebainisha katika hadithi aliyoipokea Bukhari kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu ndicho kilicho na haki zaidi ya kuchukuliwa ujira. Basi mwenye kutaka thawabu za kuosha maiti na aoshe yeye mwenyewe, mlango u wazi, wala asizinunue kwa mgongo wa kijana mwenye watoto wadogo. Na hasara kubwa zaidi si ya mwalimu. Baba wa mtoto ametoa ada yake ili mwanawe asome, na kamati imeutumia wakati ule kwa jambo jingine. Hapo wenye kudhulumiwa wamekuwa wengi.

Hayo ni katika haki. Lakini yako maumivu mengine ambayo si ya haki bali ni ya cheo, na mwenye kuumwa yampasa aujue ugonjwa wake ni upi, maana dawa zao ni mbalimbali. Pengine kazi mpya si nzito, wala si ya haramu, na mshahara ni ule ule, ila watu walikuwa wakimwita mkubwa na sasa hawamwiti. Sayyidna Umar aliposhika ukhalifa mwaka wa 13 wa Hijra (634) alimwondoa Khalid bin Walid katika uamiri wa majeshi ya Sham, akampa Abu Ubayda. Khalid alikuwa amekwisha kushinda vita vingi, na Bwana Mtume mwenyewe alimwita upanga katika panga za Mwenyezi Mungu. Imepokewa kuwa Umar hakumwondoa kwa khiyana, bali alichelea watu wasije wakadhani kuwa ushindi watoka kwa Khalid. Na Khalid akakaa chini ya Abu Ubayda akapigana vile vile, farasi wake haukupunguza mbio. Hapana aliyeweza kujua kwa kuutazama upanga wake kama mwenyewe ni amiri au si amiri. Huu ni mfano mkubwa, na si kila mtu auweza kwa siku moja.

Na pengine maumivu si ya cheo bali ni ya hofu, mtu akajiona hawezi kazi mpya, akaogopa kufedheheka mbele ya vijana. Haya yameenea sana katika zama hizi za mashine za kompyuta, ambapo mtu aliyeandika kwa kalamu miaka ishirini aambiwa kuwa kalamu haina kazi tena. Huko Mombasa, ilipofunguliwa reli mpya ya kwenda Nairobi mwaka 2017, na baadaye makasha mengi ya shehena yakawa yachukuliwa kwa gari la moshi kutoka bandarini hata bara, watu waliokuwa makarani na wapakiaji na madereva wa malori walijikuta wageni katika mji wao wenyewe. Tajiri hapo huenda asiwe dhalimu. Kazi yenyewe imehama, naye atafuta la kumpa mtu wake asimwache. Aliyepatwa na hali hiyo na asome habari ya Zayd bin Thabit. Bwana Mtume alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza kwa muda wa nusu ya mwezi au karibu na hivyo. Kisha baada ya vita vya Yamama Sayyidna Abu Bakr akamwita aikusanye Kur'ani, naye alikuwa kijana bado, akaiona kazi hiyo kuwa nzito kuliko kuhamisha jabali. Na hakukubali papo hapo. Aliuliza vipi litafanywa jambo ambalo Mtume hakulifanya, wakazungumza, wakarudiana, mpaka Mwenyezi Mungu akakikunjua kifua chake. Ndipo akaifanya, kwa uangalifu ambao Waislamu wafaidika nao hata leo. Wala Nabii Musa hakuona haya. Alitoka Madyana mchungaji, akapewa ujumbe wa kwenda kwa Firauni, na dua yake mwanzo wa Sura ya Taha ilikuwa ni kuomba akunjuliwe kifua, na afunguliwe fundo la ulimi, na apewe nduguye Harun amsaidie. Aliitaja kasoro yake kwa jina, akamtaja na mtu wa kuifidia. Mtume wa Mwenyezi Mungu ameomba msaidizi, basi karani wa ghala haoni haya kuomba afundishwe?

Likabakia jambo ambalo halina majadiliano, nalo ni kugeuziwa kazi kutoka halali kwenda haramu. Karani aliajiriwa kuandika mchele na sukari, kisha duka likafungua mlango wa kukopesha fedha kwa riba, akapewa daftari lake. Huyu asijidanganye kuwa yeye ni mwandishi tu, fedha si zake. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Bwana Mtume amemlaani mwenye kula riba na mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wawili, akasema kuwa wote hao ni sawasawa. Mwandishi ametajwa kwa kazi yake hasa. Kwa hivyo aseme kwa uwazi kuwa kazi hii haimfai, aombe arudishwe katika ile ya kwanza, na asiporudishwa atafute pengine kwa bidii. Na ikiwa nyuma yake mna watoto na wazee wasiokuwa na mtu mwingine, basi amwendee mwanachuoni amweleze hali yake yote, asijitolee fatwa mwenyewe, wala ya kujiruhusu wala ya kujitupa.

Na mahali ambapo dhuluma hii imefikia ukomo wake ni katika safari za kwenda Bara Arabu. Mwanamke wa pwani huondoka nyumbani kwake na karatasi iliyoandikwa kuwa aenda kulea mtoto mmoja katika nyumba moja. Afikapo hukuta kupika na kufua na kuosha magari, kisha hupelekwa nyumba ya dada wa bibi, kisha nyumba ya mama mkwe, na pasipoti yake imefungiwa kabatini. Na mwenye kumfanyia hayo huenda akasali nyuma ya imamu safu ya kwanza. Bwana Mtume katika hadithi ya Abu Dharr amewaita watumishi kuwa ni ndugu, akakataza wasikalifishwe yawashindayo, na akaamrisha kuwa wakikalifishwa basi wasaidiwe. Utaratibu ule wa kumfunga mgeni chini ya mkono wa aliyemwajiri umeitwa kwa jina la kafala, na hili ni jambo la kusikitisha, kwani kafala katika vitabu vya fikihi ni dhamana, mtu kujifunga yeye kwa ajili ya mwenziwe, wala si kumfunga mwenziwe kwa ajili yake. Serikali ya Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata idhini ya tajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine, na Saudia ikafanya mageuzi kama hayo mwezi wa Machi 2021, lakini hayo ya Saudia hayakuwahusu watumishi wa majumbani, nao ndio waliokuwa wahitaji zaidi.

Mwanamke kama huyo hana dhambi akikataa nyumba ya pili na ya tatu, kwani mapatano yake yalikuwa juu ya moja. Jamaa zake walioko nyumbani nao wasimwandikie barua za kumtaka avumilie tu kwa sababu fedha zapelekwa. Wajue karatasi aliyotia sahihi imesema nini, waiweke nakala yake, na wampelekee habari balozi wa nchi yake mapema kabla mambo hayajaharibika. Na ujira wa siku alizokwisha kuzifanya haupotei kwa kuondoka kwake, hata kama ameondoka usiku bila ya kuaga. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa ni hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu akastarehe na kazi yake yote kisha asimpe ujira wake. Ujira huo ni deni juu ya tajiri. Akifa hajaulipa, hutolewa katika mali yake pamoja na madeni yake mengine, na warithi hawana ruhusa ya kugawana chochote mpaka uwe umefika mkononi mwa mwenyewe, au mkononi mwa warithi wake ikiwa naye amekufa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.